NANI AMETUPA SPANA YETU?



Wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa huu unasema habari za kompyuta, hali mambo ya nyumba na posho ya zamu ya usiku hayajakwisha. Ni kweli hayajakwisha, na toleo lijalo tutayarudia kwa ukali wake. Lakini hili nalo ni jambo la kazi. Tumelinyamazia miaka mingi kwa kuona aibu, tukidhani kasoro ni yetu, kwa sababu shule yetu ni ya misheni na iliishia darasa la nane. Leo hatunyamazi tena, maana tumeangalia vizuri tukaona kwamba kasoro si yetu. Sisi tulikuwa tunaelewa. Kilichoondolewa ni kile kitu tulichokielewa.

Haya, sikilizeni lililotupata.

Ofisi ya tawi letu ina kompyuta tatu za mezani. Tulizipata zikiwa kuukuu, tukazitia Linux, yaani ule mfumo wa kuendesha kompyuta ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na ambao hapana mtu anayedaiwa leseni yake. Chama huendeshwa kwa makato ya mishahara ya watu. Shilingi ya kununua leseni ni shilingi ya mwanachama. Kwa hiyo tulichagua Linux, na hata leo hatujuti. Kompyuta hizo hazisafiri kwenda popote. Zimekaa juu ya meza zile zile, kila moja na waya wake unaokwenda kwenye kisanduku cha intaneti kilichopigiliwa ukutani. Aliyeziunganisha ni mwenzetu wa karakana, mtu wa spana na grisi, wala hakusomea kompyuta popote.

Ijumaa moja tulikuwa na karatasi za mwenzetu aliyepondwa vidole kazini. Makao makuu ya chama yalizitaka kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa mwanasheria alikuwa akienda nazo mbele alasiri ile. Alhamisi yake fundi wa kukodiwa alikuwa ametuwekea toleo jipya la mfumo, maana la zamani lilikuwa halipati tena marekebisho ya usalama. Asubuhi kompyuta ziliwaka vizuri sana. Picha mpya, rangi mpya, na mtandao hakuna. Tukafungua faili letu: lipo, na mistari yake yote ipo, lakini hapana anayelisoma. Tukapiga amri tuliyoizoea: kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo. Fundi alikuwa hashiki simu. Kijana mmoja akasema tubonyeze kile kipicha cha pembeni juu. Tukabonyeza, kikatuonyesha alama ya kuuliza. Yaani sisi twaiuliza mashine, na mashine yatuuliza sisi.

Mtu atasema, mngetumia simu. Tulijaribu. Karatasi zilikuwa zaidi ya arobaini, na bando la katibu likakata katikati ya kazi. Saa tano na nusu mwakilishi wetu akapanda matatu na karatasi hizo ndani ya flashi mfukoni. Alifika saa nane. Shauri la mwenzetu likaahirishwa wiki sita, na wiki sita kwa mtu ambaye mkono wake umefungwa bandeji na watoto wanadaiwa karo si kitu kidogo. Hatusemi mtu fulani alitaka iwe hivyo. Twasema kwamba kazi ya dakika tano, ambayo yeyote ofisini aliijua, ilikuwa imegeuzwa ikawa kazi ambayo hapana aliyeijua.

Sasa tuwaeleze wale ambao hawajaigusa kazi hii, maana si ngumu. Kompyuta ikitaka kuongea na nyingine yahitaji mambo manne tu. Iwe na anwani yake, kama nyumba ilivyo na namba. Ijue mtaa wake waishia wapi. Ijue mlango wa kutokea mtaani, yaani kile kisanduku cha ukutani. Na ijue nani wa kuulizwa anwani za wengine, kwa kuwa watu twakumbuka majina na mashine zakumbuka namba. Basi. Stesheni masta mgeni huuliza zaidi ya hayo kabla hajanywa chai.

Katika Debian na Ubuntu za zamani mambo hayo yaliandikwa katika faili la maandishi matupu liitwalo /etc/network/interfaces. Mistari mitano yatosha. Wa kwanza wasema kadi hii iwashwe kompyuta inapowaka. Wa pili wasema anwani tutaitaja wenyewe. Wa tatu ndio anwani, wa nne ni mpaka wa mtaa, wa tano ni mlango. Halafu faili jingine, /etc/resolv.conf, mstari mmoja, la kusema majina yaulizwe wapi. Ukitaka kuona hali ilivyo, wapiga amri ya ifconfig, nayo yakuonyesha kadi, anwani, na hesabu ya vifurushi vilivyopita na vilivyoharibika njiani. Ukiona vilivyoharibika vyazidi, wajua waya umekatika au panya ameuonja. Aliyeona uvivu kuandika kwa mkono alikuwa na dirisha dogo lililokuja na GNOME ya pili, liitwalo network-admin, na dirisha hilo liliandika katika faili lile lile. Kwa hiyo mwenye kubonyeza na mwenye kuandika walisoma daftari moja.

Mwenzetu wa karakana aliyaandika yote haya kwa Kiswahili juu ya kipande cha boksi, akakitundika nyuma ya mlango. Kadi hiyo ilinakiliwa na matawi mengine mawili. Hata mama anayetupikia chai aliwahi kuisoma akarudisha mtandao siku ambayo makarani walikuwa mkutanoni. Tunataka mlikumbuke jambo hili la mama wa chai, kwa maana ndilo shauri letu lote.

Amri hiyo ya ifconfig si ya jana. Ilitoka katika mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1983. Linux ilipokuja ilichukua desturi ile ile katika fungu la zana liitwalo net-tools. Mtu aliyejifunza mwaka 1993 aliweza kufanya kazi mwaka 2010 kwa ujuzi ule ule. Miaka kumi na saba! Kazini kwetu ni spana gani iliyodumu hivyo?

Baadaye mambo yakaanza kupinduka moja baada ya jingine. Watu wa Red Hat walileta NetworkManager mwaka 2004. Amri ya ip ikashika mahali pa ifconfig. Mwezi wa Januari mwaka 2013 systemd, ambayo ni programu ya kuamsha na kusimamia sehemu nyingine zote za mfumo, ilileta majina mapya ya kadi. Mwaka 2014 Red Hat Enterprise Linux 7, ukiiweka katika umbo lake dogo kabisa, ilikuja bila net-tools. Mwaka 2017 Debian 9 nayo ikaacha kuziweka zana hizo kwa kawaida, na mwaka ule ule Ubuntu 17.10 ikaleta netplan na kuliacha faili letu la mistari mitano. Si mtu mmoja aliyekaa akapanga kutuonea. Kila mmoja alirekebisha kipande chake, na hapana aliyeuliza jumla yake itamfikia nani.

Tuwape haki yao kwanza, kusudi wasiseme sisi ni watu wa kupinga kila kitu.

Mwenye laptopu aamkaye nyumbani, akashinda ofisini na kuhitimisha siku hotelini, kila mahali na mtandao wake wa hewani na neno lake la siri, huyo faili la mistari mitano halikumfaa. Alikuwa akiteseka, tulimwona. NetworkManager ilimwokoa, na wala hatutaki anyang'anywe. Tena ifconfig ya Linux ilikuwa imezeeka bila matunzo: kadi moja ikipewa anwani ya pili kwa amri ya ip, ifconfig huenda isiionyeshe kabisa, na chombo kinachoficha si chombo cha kuaminiwa. Tena kompyuta yenye kadi mbili, eth0 na eth1, iliweza siku moja kuwaka majina yamebadilishana, na hilo ni balaa kwa mtu anayetumia kadi moja kuzuia wezi na nyingine kwa watu wa nyumbani. Yote ni kweli. Na amri yenyewe ya ip hatugombani nayo. Ni spana mpya, fupi, yashika vizuri. Ina mitego yake: ukiipa anwani ukasahau kuandika mkwaju na namba 24 mwisho wake, kwa mtaa wa kawaida kama wetu, yahesabu kwamba mtaa wako una nyumba moja tu, yaani yako, na hutamwona jirani. Lakini mtu hujifunza.

Ugomvi wetu ni huu. Dawa ya mwenye laptopu kwa nini anyweshwe mwenye kompyuta ya mezani ambaye haumwi? Kompyuta zetu zina waya mmoja, mtaa mmoja, mlango mmoja, miaka nenda miaka rudi. Mashine hizi zilihitaji mistari mitano. Sasa zimewekewa msimamizi, na juu yake mwandishi wa amri za msimamizi, na kando yake karani wa majina, na kila mmoja ana daftari lake.

Mtazameni karani wa majina peke yake. Zamani ulifungua /etc/resolv.conf ukasoma anwani ya yule wa kuulizwa. Leo katika kompyuta nyingi ukilifungua utakuta 127.0.0.53, ambayo maana yake ni kompyuta yenyewe: mwulize mwenyewe! Humo ndani yumo systemd-resolved, naye ndiye ajuaye anayeulizwa kweli ni nani, na ili akwambie yakupasa ujue amri nyingine, resolvectl. Ukiandika anwani yako kwa mkono katika faili lile, huenda ikakaa hadi jioni, kesho imefutika. Sehemu nyingine faili lina maneno juu yake ya kukukataza usiguse. Katika mashine moja laweza kuandikwa na NetworkManager, au na resolved, au na programu inayopokea anwani kutoka kwenye kisanduku, na mtu aliyezoea kazi ya reli hawezi kulisikia jambo hili bila kutetemeka. Sisi tunajua ni nini hutokea watu watatu wakiwa na mamlaka ya kuzungusha pointi moja.

Halafu majina. Kadi iliyokuwa eth0 sasa yaitwa enp3s0 au jina jingine la namna hiyo, kwa kufuata mahali ilipochomekwa ndani ya mashine. Wanasema ni majina yanayotabirika. Haya, mwekeeni mtu kompyuta mbili za kampuni mbili, mwambieni atabiri. Na hata katika mashine moja, ukichomeka kadi nyingine ya picha, hesabu ya nafasi yaweza kusogea, na kadi ya mtandao ikaamka na jina jipya hali hujaigusa. Kifaa cha mtandao wa hewani kinachochomekwa kwa USB ndicho kichekesho kabisa: jina lake laanza wlx, likafuatwa na tarakimu na herufi kumi na mbili za namba ya kiwandani. Herufi kumi na tano! Mwambieni mwenzenu alie zamu kwa simu ayaandike hayo bila kukosea. Eth0 ilikuwa inaelezeka hata kwa kelele za karakana.

Hata hayo tungeyavumilia kama yangetulia. Netplan ilipokuja, mtu alitakiwa kuandika faili lake kwa mtindo uitwao YAML, ambao hesabu ya nafasi tupu mwanzo wa mstari ni sehemu ya maana. Nafasi ikizidi moja, faili limekataliwa. Ukitumia kitufe cha tabo, limekataliwa. Yaani kosa lisiloonekana kwa macho. Wenzetu waliojitahidi walijifunza, wakajua kwamba mlango wa kutokea waandikwa kwa neno gateway4. Haikupita miaka mitano netplan yenyewe ikasema neno hilo limepitwa, mlango uandikwe kwa njia nyingine yenye mistari zaidi. Na katika Ubuntu ya mezani, mipango ya NetworkManager iliyokuwa inawekwa katika chumba chake chenyewe ilihamishiwa kwa netplan tangu toleo la 23.10 la mwaka 2023. Kwa hiyo mtu mmoja, kompyuta moja, waya ule ule, ameambiwa daftari liko hapa, sasa liko kule, sasa limerudi upande huu. Na kila safari kadi yetu ya boksi nyuma ya mlango imegeuka uongo.

Hapo ndipo pauma. Mabwana wanaotengeneza mambo haya hudhani maelezo hukaa kwenye intaneti, na kwamba yakibadilika mtu atasoma mapya. Maelezo hayo ni ya Kiingereza kigumu. Maelezo yetu tuliyaandika wenyewe kwa Kiswahili, kwa jasho, tukajaribu kila neno mpaka likakubali. Hapana ofisi inayotuandikia mengine kila yanapochakaa. Na mtu ambaye mtandao wake umekatika atasomaje maelezo yaliyo kwenye mtandao? Tulipouliza zile zana za zamani zimekwenda wapi, tuliambiwa zipo bado, hazijafutwa, ni kupiga amri moja tu ya kuzileta. Kuzileta kutoka wapi? Kutoka kwenye intaneti! Yaani kamba ya kuvutia maji imewekwa chini ya kisima.

Wengine wenu vijana mtasema, lakini kubonyeza picha ni rahisi kuliko kuandika. Ni rahisi siku mambo yakiwa sawa. Taa ikiwa ya kijani hata mtoto aweza kusema ni ya kijani. Sisi tunalipwa kwa ajili ya siku taa imezimika. Siku hiyo kipicha kile hakisemi waya umekatika, au anwani imegongana na ya printa, au karani wa majina amelala. Chaonyesha alama ya kuuliza. Tena dirisha la kubonyeza haliwezi kusomwa kwa simu kwa mtu aliye tawi jingine, maana toleo lake lina vitufe mahali pengine. Mistari mitano yaweza kusomwa. Kuna amri ya NetworkManager ya kuandika, nmcli, na kuna ile yenye menyu, nmtui, ambayo si mbaya na tunaitumia. Lakini nmcli yataka uitaje kadi kwa jina la mpango wake, na mara nyingi jina hilo ni maneno mawili matatu ya Kiingereza yenye nafasi katikati, ambayo lazima uyafunge kwa alama za kunukuu ama amri haikubali. Mama wa chai atafanya hivyo? Na kama hawezi, je, ofisi imeendelea au imerudi nyuma?

Na wasitudanganye kwamba hapakuwa na njia nyingine. OpenBSD ni mfumo mwingine usiolipiwa, ndugu wa ukoo ule wa Berkeley. Wao walibaki na ifconfig, wakaitunza. Kila kadi ina faili lake fupi. Mwaka 2018, katika toleo la 6.4, waliiongezea ifconfig uwezo wa kushikilia orodha ya mitandao ya hewani na kujiunga nao wenyewe unapofika mahali. Haja ile ile ya mwenye laptopu! Wakaitimiza bila kumnyang'anya mwenye waya spana yake. Hata Debian, ambao tumewalaumu hapo juu, wamefanya uungwana katika jambo moja: katika Debian 12 ya mwaka 2023 ukiandika kadi yako katika faili la mistari mitano, NetworkManager kwa kawaida huiacha kadi hiyo bila kuigusa, ikashughulika na nyingine. Mpya na kuukuu zakaa nyumba moja na hazipigani. Basi yawezekana.

Sisi wa reli tunalo la kuonyesha hapa nyumbani. Reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilipofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, palikuwa na waliosema ile kuukuu ya mita moja ni chuma chakavu. Lakini haikung'olewa. Magari ya abiria wa Nairobi wanaokwenda kazini asubuhi yapita juu ya reli hiyo ya mita moja, na mwaka 2020 treni ya abiria ilirudi Nanyuki kwa reli hiyo hiyo. Angekuja mtu akasema kila mwenye safari ya maili sita apande gari la kwenda Mombasa, kwa sababu ndilo la kisasa, tungemwona amerukwa na akili. Lakini kwenye kompyuta tumeambiwa hivyo hivyo, na tumeitikia ndiyo bwana.

Kwa hiyo twasema haya, na twayasema kwanza kwa kamati zetu wenyewe kabla ya kumsemea mtu wa ng'ambo. Hapana fundi atakayebadilisha toleo la mfumo katika ofisi ya tawi bila kuiambia kamati wiki moja mbele, na asilibadilishe mkesha wa siku yenye kazi ya shauri la mtu. Kabla hajagusa aandike hali ilivyo: anwani, mpaka, mlango, wa kuulizwa majina, na jina la kadi. Akimaliza aandike hali mpya, kwa Kiswahili, aitundike, na mmoja wetu asiye fundi akate mtandao na kuurudisha kwa kusoma karatasi hiyo mbele yake. Asipoweza kuurudisha, kazi haijakwisha na malipo yangoje. Mafungu ya net-tools na ifupdown yanayolingana na toleo hilo yawekwe kwenye flashi na kufungiwa sandukuni pamoja na mihuri. Ofisi ambayo kompyuta zake hazihami, na mfumo wake waruhusu, itumie faili la mistari mitano. Mwenye laptopu aendelee na NetworkManager yake kwa amani.

Kwa wale wanaotengeneza mifumo hii tunalo dogo. Ninyi hamtulipishi, nasi twawashukuru kwa hilo kwa moyo. Lakini kazi ya bure nayo hufika kwa watu, na watu hao wana mikono na saa za kazi. Mkiona spana kuukuu ina kutu, itieni mafuta kama walivyofanya wenzenu wa OpenBSD. Mkilazimika kuleta mpya, iacheni ya zamani ndani ya sanduku miaka kumi, iwe imewekwa tayari, si ya kuendewa dukani. Na mkibadilisha neno, lile la zamani liendelee kueleweka. Dereva aliyezoea kipenga cha aina moja haamshwi siku moja akaambiwa maana imegeuzwa.

Wako watakaosema tunapoteza wakati kwa vitu vidogo. Wamwulize mwenzetu mwenye vidole vilivyopondwa kama wiki sita ni kitu kidogo.

Shauri lake sasa lina siku mpya, na karatasi zimekwisha fika, safari hii mkononi. Mtandao wa ofisi umerudi. Ulirudishwa Jumatatu ile na yule fundi wa karakana, kwa faili la zamani, baada ya kuleta mafungu kwenye flashi kutoka tawi jirani ambao walikuwa hawajabadilisha chochote. Kadi mpya ya boksi imeandikwa. Pande moja ina njia ya kuukuu na pande ya pili ina amri ya ip, kwa kuwa hatukatai kujifunza. Wawakilishi wa matawi wanaotaka nakala waje Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mmoja na flashi yake na kalamu, na tafadhali wasije na fundi wa kukodiwa. Mama wa chai ndiye atakayewaonyesha.